Baba naye anashindana: wazee wa baiskeli kwenye mlima wa Gikundamvura

Mwezi huu ukurasa huu hauzungumzi juu ya mgao wala juu ya mabati yanayovuja. Unazungumza juu ya baiskeli, ile ambayo wengi wetu tuliotoka Kongo tunaiita kinga, na juu ya wazee ambao kila Jumapili asubuhi mnawaona wakitoka wamevaa kaptula za watoto wao. Msicheke. Au chekeni kwanza, halafu msome mpaka mwisho.

Sisi tunaoandika tumo ndani ya kikundi hicho. Mdogo wetu ana miaka 44, na mkubwa wetu anasema ana 67, ingawa juu ya hiyo miaka tutaeleza baadaye, maana ilituletea fujo. Wengine ni watu wa kambi, wengine ni majirani wenyeji wa Gikundamvura na wa Bugarama. Karibu wote tulipata miguu yetu kazini: kubeba abiria, kubeba mpunga, kubeba ndizi, kubeba mtungi. Hakuna aliyeanza kwa michezo.

Njia yetu wengi mnaijua. Bonde la Bugarama ndilo sehemu ya chini kuliko zote katika Rwanda, chini ya mita 1,000, na joto lake mnalijua. Tunaanzia huko kwenye mashamba ya mpunga, halafu tunapanda kuelekea Gikundamvura. Jina lenyewe kwa Kinyarwanda linasikika kama "kinachopenda mvua", na kweli, mara ngapi tumeanza kwenye jua kali tukafika juu tumelowa! Ukifika juu ukigeuka, Burundi iko ng'ambo ya mto Ruhwa, na ukitazama upande wa mto Rusizi unaona milima ya Kongo. Hapo wazee huwa wananyamaza kidogo. Kila mtu anatazama upande wake.

Vijana wanatuuliza: "Baba, mashindano si ya watoto?" Tunajibu hivi. Shirikisho la baiskeli la dunia, UCI, lina daraja maalumu kwa ajili ya watu wazima, linaitwa masters, na mtu anaweza kuliingia akiwa na miaka 30 tu. Yaani kwa hesabu yao hata mwalimu wa watoto wenu ni mzee tayari. Kuna pia mashindano ya dunia ya watu wasio wa kulipwa, ambako wakubwa wanapangwa kwa makundi ya miaka mitano mitano. Mtu wa miaka 62 anapigana na wa miaka 60 hadi 64, hasumbuliwi na kijana wa 25. Na mshindi wa kila kundi anavaa fulana ya rangi za upinde wa mvua kama bingwa mwingine yeyote.

Mfano tunaoupenda zaidi ni wa mzee mmoja wa Ufaransa, Robert Marchand, aliyezaliwa mwaka 1911. Ujana wake alipiga kazi za mikono za kila namna, mpaka kukata miti Kanada. Baiskeli aliirudia kwa nguvu akiwa amekaribia miaka 70. Mwaka 2012, akiwa na miaka 100, alizunguka uwanja saa nzima akamaliza kilomita 24 na kidogo. Mwaka 2014 akarudi, akafanya kilomita 26.927. Mmeona? Aliongeza, akiwa na miaka 102! Wataalamu waliompima waliona hata uwezo wa mwili wake kutumia hewa uliongezeka kwa asilimia 13 hivi baada ya kubadilisha mazoezi. Mwaka 2017, na miaka yake 105, akafanya kilomita 22.547, halafu akalalamika kwamba hakuona kibao cha kumwambia zimebaki dakika 10, la sivyo angekaza. Alifariki mwaka 2021, ana miaka 109. Mwenzetu mmoja aliposikia habari hiyo alisema: "Miye niko bado mutoto, basi." Tangu siku hiyo hatumshiki.

Na si Ulaya peke yake. Hapa Rwanda Tour du Rwanda ilianza mwaka 1988, ikaingia kwenye kalenda ya UCI mwaka 2009, na msafara wake umeshafika hata Rusizi yetu ukitokea msitu wa Nyungwe. Abraham Ruhumuriza aliishinda mara tano kabla ya wageni wengi kuanza kuja. Gasore Hategeka alikuwa akisafirisha viazi kwa baiskeli kabla ya kuingia timu ya taifa. Nathan Byukusenge alikwenda Michezo ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016 kwa baiskeli ya milimani akiwa na miaka 36, umri ambao wengine wanaambiwa wakae nyumbani. Halafu mwezi wa 9 mwaka 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yakaja Kigali, mara ya kwanza kabisa katika Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5, na zaidi ya mita 5,000 za kupanda ukizijumlisha. Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda. Waliomaliza walikuwa 30 tu, wengine wote, vijana wa kulipwa wenye baiskeli za bei ya nyumba, walishuka njiani. Tuliisikiliza kwenye redio na simu moja, watu kama 20 tumeinama. Siku hiyo tuliamua kwamba na sisi tutafanya mbio zetu.

Sasa juu ya miaka. Katika vilabu vya wazee, mahali pengi wanatumia desturi ya kumtanguliza aliye mkubwa: anaondoka mapema, vijana wanamfukuza. Tukakubaliana kwamba kila miaka mitano juu ya 45 unapewa dakika mbili. Kumbe tumejitafutia kesi! Siku ya kuandikisha wote walikuwa wamezeeka ghafla. Na ukiomba karatasi, karibu kila mtu amezaliwa tarehe 1 mwezi wa kwanza. Mnajua ilivyokuwa: ulifika mpakani, mwandishi anauliza tarehe, wewe unajua tu kwamba mama alikuzaa wakati wa kuvuna maharage, yeye anaandika 01/01 anaendelea na mwingine. Kwa hiyo tuliweka akina mama watatu wazee wakae kama mahakama. Wao hawakuuliza karatasi. Waliuliza: "Mwaka ule daraja lilipobomoka ulikuwa umeoa?" Mambo yakaisha kwa nusu saa. Baba mmoja aliyekuja na 61 aliondoka na 53.

Zawadi ilikuwa tairi moja jipya. Msomaji asidharau. Kwa mtu anayebeba abiria, tairi ni chakula cha siku nyingi. Hiyo ndiyo shida yetu kubwa kuliko uzee: baiskeli ya mashindano ndiyo hiyo hiyo ya ugali. Ukiikunja rimu Jumapili, Jumatatu watoto wanakutazama. Tulifungua viti vya nyuma ili kupunguza uzito, isipokuwa mmoja aliyekataa kwa sababu nati zilikuwa na kutu. Mkumbuke huyo.

Kabla ya mbio tulifundishana kukaa kwenye kundi. Anayekwenda mbele anapasua upepo, wa nyuma yake anaokoa nguvu nyingi, hata theluthi moja ukiwa mwendo wa kasi kwenye tambarare. Kwa hiyo kwenye barabara ya mpunga tunapokezana: wewe dakika moja mbele, unasogea pembeni, mwingine anashika. Anayekataa kupokea zamu tunamjua, na hata sokoni tunamkumbusha. Lakini mlima unavunja hesabu hiyo. Kwenye mwinuko mwendo ni mdogo, upepo haukusaidii, kila mtu anabaki na moyo wake.

Na moyo ndio uliotuangusha siku ile.

Fundi wetu wa matairi, baba wa watoto sita, alikuwa na miaka 58 kwa mujibu wa mahakama ya akina mama. Aliondoka vizuri. Katikati ya mlima akaanza kubaki. Tulidhani ni joto, ilikuwa imekaribia saa tano. Halafu aliyekuwa nyuma yake akamwona ameweka mguu chini, ameshika kifua, jasho linatoka lakini ngozi imepoa. Akapiga filimbi, kama tulivyopatana: filimbi ikilia, mbio zimesimama.

Mbele walikuwa wawili wanapigania tairi. Mmoja aligeuka, akashuka mlima wote alioupanda. Mwingine aliendelea mpaka juu. Anasema hakusikia filimbi. Wengine wanasema alisikia. Sisi hatukuwa masikio yake.

Tulimkalisha chini ya mti, tukamlegeza nguo, hatukumpa chochote cha kula. Alisema mkono wa kushoto unauma mpaka kwenye taya. Gari halikuwepo. Basi ile baiskeli yenye kiti cha nyuma kilichokataa kufunguka ndiyo iliyombeba, mmoja anaendesha, wawili wanamshika huku na huku, wanakimbia kwa miguu mpaka kituo cha afya. Presha ilikuwa juu sana. Wakampeleka hospitali, akalala siku tisa, akarudi. Yuko mzima, anawasalimu, na ameturuhusu kuandika haya mradi jina tuliache.

Kilichotuuma zaidi tulikijua baadaye. Alikuwa na presha tangu miaka mitatu. Alikuwa ameacha vidonge miezi miwili kabla, kwa sababu alijisikia vizuri, na kwa sababu aliogopa tukijua tutamtoa kwenye mbio. Alitushika mikono hospitalini akasema: "Huku kambini kila siku mimi ni wa kupokea. Kwenye kinga tu njo ninakuwaga mutu." Hatukuwa na jibu. Mpaka leo hatuna jibu zuri.

Mama yake watoto ndiye aliyekuja kwenye mkutano wetu. Hakupiga kelele. Alisema: "Mulikuwa munajua kupima hewa ya tairi, lakini mutu hamukumupima. Sikatae mume wangu apande kinga. Ninakatala anifiche." Halafu akakaa chini. Baba mmoja alitaka kusema kwamba mambo ya wanaume yaachwe kwa wanaume. Yule mkubwa wetu wa 67 akamwambia anyamaze.

Kwa hiyo sasa mambo yako hivi. Kila mwezi, kabla ya kupanda mlima, tunapita kituo cha afya kupimwa presha, na namba inaandikwa kwenye daftari ambalo linakaa kwa wake zetu, si kwetu. Mwenye vidonge anaendelea navyo hata akijisikia kama simba, maana presha haina kelele. Mazoezini tunatumia kipimo cha mdomo: ukiweza kusema sentensi nzima, mwendo ni mzuri, ukibaki na neno moja moja, punguza. Msihesabu mapigo tu, kwa sababu dawa nyingine za presha zinapunguza mapigo na hesabu inakudanganya. Tunaanza saa kumi na mbili unusu asubuhi, siyo saa nne. Maji kila mtu chupa yake. Na mwenye kifua kinachobana, jasho baridi, kizunguzungu, pumzi fupi au maumivu ya mkono na taya, asimame hapo hapo, akae, apelekwe. Asiseme nimalize kwanza kona hii.

Kwa wasiotumia baiskeli: mwili wa mtu anayekaa tu unapoteza uwezo wa pumzi kama asilimia 10 kila miaka kumi tangu miaka ya 30. Anayefanya mazoezi ya nguvu mara kwa mara anaweza kupunguza hasara hiyo, hata kwa nusu. Lakini mzee anachelewa kupona. Kijana anapanda mlima kesho na keshokutwa, sisi tunahitaji siku mbili tatu katikati, tena usingizi na maharage ya kutosha. Haya ya maharage tunajua si kila nyumba inayo. Tunasema tu ilivyo.

Akina mama wawili wameomba kuingia kikundi. Mmoja alibeba ndizi kwa baiskeli miaka kumi huko kwao, na Jumapili iliyopita alitupita sote kwenye kona ya mwisho akiwa na kitenge. Tumemwandika bila kupitia mahakama.

Fundi wetu daktari amemruhusu kutembea, na baada ya muda apande tambarare pole pole. Jumapili anakuja na filimbi shingoni, anakaa kwenye kona ambapo alianguka, anahesabu watu wanaopita. Akihesabu pungufu, anapiga.

Imebaki kesi moja. Yule aliyefika juu peke yake anadai tairi lake, kwa sababu alifika. Aliyegeuka hadai kitu, lakini mke wake anadai. Wengine wanasema mbio zilisimama kwenye filimbi, kwa hiyo hakuna mshindi. Tumekaa vikao vitatu. Tairi liko bado kwenye karakana ya fundi, limetundikwa kwenye msumari, na karatasi yake ya dukani haijatoka. Mwenye ushauri atuone Jumapili, saa kumi na mbili unusu, pale kwenye mpunga.