Wamongolia Walioitwa Weupe

Nikitaja Wamongolia, ndugu msikilizaji, bila shaka unawaza farasi na mahema katika nyika isiyo na mwisho. Wiki hii nakupeleka kwingine: Howell, katika jimbo la New Jersey, Marekani. Huko wanaishi Wakalmiki, watu wachache wa asili ya Kimongolia, pamoja na mahekalu yao ya Kibudha. Walifikaje huko?

Mababu zao walitoka Asia ya Kati mwanzoni mwa karne ya 17 na mifugo yao, wakaweka makazi karibu na mto Volga, Urusi. Wakawa raia wa wafalme wa Urusi na kuwapigania vitani. Mapinduzi yalipotokea, wengi wa askari wao walikuwa upande ulioshindwa, na mwaka 1920 baadhi wakakimbilia ng'ambo. Waliofika Belgrade walijenga hekalu mwaka 1929, kwa matofali waliyopewa na tajiri mwenye kiwanda.

Waliobaki nyumbani yaliwapata makubwa zaidi. Desemba 1943, Stalin alilituhumu kabila zima kwa usaliti. Watu zaidi ya 90,000, vikongwe na watoto wachanga wakiwamo, walipakiwa katika mabehewa na kupelekwa Siberia wakati wa baridi kali. Wengi walikufa. Ruhusa ya kurudi ilikuja mwaka 1957.

Vita vilipokwisha, Wakalmiki waliokuwa Ulaya walijikuta katika kambi za wakimbizi Ujerumani. Kurudi kwao kulikuwa hatari, na kwenda mbele hakukuwa na njia. Sheria ya Marekani ya mwaka 1924 iliwafungia mlango wahamiaji wengi wa Asia kwa kuwa hawakustahili uraia, na sura za Wakalmiki zilikuwa za Asia. Hoja ikatolewa: je, watu waliokaa Ulaya zaidi ya miaka 300 bado ni Waasia? Mwaka 1951 serikali ya Marekani iliamua kwamba, kwa mujibu wa sheria ya uhamiaji, Wakalmiki ni weupe!

Macho ni yale yale, mashavu ni yale yale. Kilichobadilika ni karatasi. Mamia kadhaa wakaingia, wakisaidiwa na Tolstoy Foundation, shirika la Alexandra, binti wa mwandishi Leo Tolstoy.

Basi, je, walijisahau baada ya kuitwa weupe? Hapana. Walianza upya na dini yao. Mwaka 1955 alifika Geshe Wangyal, mtawa Mkalmiki aliyesoma Tibet, na mwaka 1958 akaanzisha nyumba ya watawa. Hata vijana wa Kimarekani walikuja kusoma kwake. Mmoja wao, Robert Thurman, baadaye alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Columbia. Lugha ndiyo ngumu kuihifadhi: UNESCO imeiweka Kikalmiki miongoni mwa lugha zilizo hatarini.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Wakalmiki hawakuiacha. Lakini mimi kinachonisumbua ni ile kalamu. Ofisi moja iliandika "wasaliti", watu wakapelekwa kufa. Ofisi nyingine ikaandika "weupe", watu wakapona. Waliokuwa wakiandikwa hawakuwa wamebadilika hata kidogo. Tukumbuke hilo kila tunapompanga mkimbizi katika fungu lake kabla hatujamuuliza yeye ni nani.