Mpiga Dramu Bora ni Yupi, na Bora kwa Kazi Gani?

Mwaka 2016 jarida la Rolling Stone la Marekani lilitoa orodha ya wapiga dramu 100 bora. Nafasi ya kwanza alipewa John Bonham wa Led Zeppelin, ya pili Keith Moon wa The Who, ya tatu Ginger Baker wa Cream, ya nne Neil Peart wa Rush. Stewart Copeland wa The Police alifunga kumi bora. Tony Allen, Mnigeria aliyeujenga mdundo wa Afrobeat pamoja na Fela Kuti, hakuingia katika kumi hao, na mashabiki wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo.

Ubishi huo hauhitaji jarida. Katika maeneo ya Molo, si mbali na mji wa Tororo ulio karibu na mpaka wa Uganda na Kenya, karibu kila kanisa lililojaliwa seti ya dramu lina kijana wake anayesifiwa, na kanisa la jirani lina wa kwake. "Huyo wenu ana mbio tu, ndugu yangu," mmoja atasema. "Na wenu anatupigia kelele," atajibiwa. Mbio na nguvu: ndivyo vigezo vinavyotajwa kwanza mpakani, na ndivyo vinavyotajwa kwanza London pia. Vyote viwili havimpeleki msikilizaji mbali. Mbio hupimika kwa saa na kila mwaka anazaliwa mtoto mwenye mbio zaidi. Nguvu siku hizi ni kazi ya fundi mitambo: akipandisha kitufe, mnyonge anasikika hadi Malaba.

Kupima vizuri kunaanza kwa kujua seti ya dramu ni chombo cha namna gani. Katika bendi za matarumbeta za Marekani za karne ya 19, mtu mmoja alipiga ngoma kubwa, mwingine ngoma ndogo ya snea, wa tatu matuazi. Kumbi za dansi zilikuwa finyu na mishahara ilikuwa midogo, kwa hiyo wenye bendi wakataka mtu mmoja afanye kazi ya watatu. Mwaka 1909 William F. Ludwig wa Chicago alisajili hataza ya pedali ya mguu iliyopiga ngoma kubwa kwa wepesi. Miaka ya 1920 yakaja matuazi mawili yanayofumbwa na mguu wa kushoto, ambayo leo huitwa hai-hati. Kundi zima likawa limeketishwa juu ya kigoda kimoja.

Hapo ndipo mtu wa Molo ana la kuwaambia wenye orodha. Anakoishi, mdundo bado ni kazi ya watu wengi. Wenyeji wa huko, Jopadhola, wana fumbo, ngoma ndefu yenye heshima yake msibani. Ukivuka mpaka na kushuka hadi Kakamega unawakuta Waisukha na Waidakho na isukuti yao, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, kila moja na sauti yake. Ukienda upande wa Kampala kuna empuunyi, namunjoloba na engalabi, ile ndefu iliyowambwa ngozi ya kenge. Katika makundi haya hakuna anayeulizwa ana mbio kiasi gani. Anaulizwa kama amekaa mahali pake.

Mfano uliokwenda mbali kuliko yote ni entenga, ngoma za kasri la Kabaka wa Buganda. Zilikuwa ngoma 15 na wapigaji sita. Kumi na mbili kati yake zilifungwa sauti za muziki kamili, kwa hiyo wimbo mzima ulipigwa kwa ngoma. Mapigo ya mmoja yaliingia katika nafasi zilizoachwa na mwenzake, na sauti aliyoisikia msikilizaji haikutoka kwa mkono wa mtu mmoja. Ilizaliwa katikati yao. Kasri hilo, Lubiri, liliposhambuliwa na jeshi la serikali Mei 1966, kundi hilo lilitawanyika, na kwa miaka mingi ujuzi wake ulibaki mikononi mwa wazee wachache. Msahihishaji wa jarida angekwama mapema: ampe nani alama, wakati wimbo si wa yeyote peke yake?

Basi mpiga dramu wa roki ndiye aliyebebeshwa kazi ya kundi zima, na swali la kwanza juu yake ni hili: viungo vyake vinne vinasikilizana vipi?

Chukua Bonham. Wimbo wa kwanza wa albamu ya kwanza ya Led Zeppelin, uliotoka Januari 1969, una kitu kilichowasumbua wapiga dramu wengi. Mguu wa kulia unapiga mapigo mawili ya haraka sana ndani ya kila kundi la mapigo matatu, yakifuatana, huku mikono ikiendelea na shughuli nyingine. Waliosikia walidhani ana ngoma kubwa mbili. Alikuwa na moja, na pedali moja. Lakini ukisikiliza mara ya pili utaona kwamba mbio za mguu si jambo kuu. Jambo kuu ni kwamba snea haikutikisika. Ilikaa palepale ilipotakiwa kukaa, kana kwamba anayeipiga ni mtu mwingine. Anayejua isukuti atalitambua hilo haraka: ngoma kubwa ikicheza, ya kati hairuhusiwi kuifuata.

Charlie Watts wa Rolling Stones alikuwa upande wa pili kabisa. Wapiga dramu wengi hupiga hai-hati mfululizo kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto unapopiga snea, wa kulia hauachi. Watts aliuinua. Kila snea ilipolia, hai-hati ilinyamaza, kisha ikarudi. Tazama mkono wake katika video yoyote ya jukwaani na utaiona ile hatua ndogo, mkono unapanda kidogo na kushuka. Matokeo yake snea inasikika peke yake, safi, na mwendo unapata kishindo kidogo kinachoifanya bendi nzima itembee. Mwanafunzi wa wiki tatu anaweza kuiiga. Kuishi nayo kwa miaka karibu 60 bila kushawishika kuonyesha zaidi ni jambo jingine, na kwa maoni ya mwandishi huyu ni ujuzi mgumu kuliko solo nyingi zinazoshangiliwa.

Uhusiano wa roki na ngoma za eneo letu una historia yenye rekodi na tarehe. Mwaka 1967 wataalamu wa lebo ya Ocora ya Ufaransa waliwarekodi wapiga ngoma wa Burundi. Mwaka 1971 mtayarishaji wa Ufaransa aliyejiita Mike Steiphenson aliichukua rekodi hiyo, akaipachika gitaa na kinanda juu yake na kuitoa kwa jina "Burundi Black". Joni Mitchell naye alitumia ngoma hizo katika albamu yake ya mwaka 1975. Kisha, mwaka 1980, kundi la Uingereza la Adam and the Ants lilijenga karibu albamu nzima juu ya mdundo huo. Na hili ndilo la kuzingatia: halikuweza kwa mpiga dramu mmoja. Liliwaweka wawili jukwaani.

Wawili nao walikuwa wanafupisha. Kundi la Burundi huwa na ngoma kumi na kadhaa, daima hesabu ya witiri, zimepangwa nusu duara. Katikati iko inkiranya, inayoamuru. Amashakwe hushika mdundo usiobadilika, na ibishikiso hufuata amri ya inkiranya. Kazi hizo tatu ndizo hizo hizo anazogawiwa mpiga dramu wa roki katika mwili wake: kiungo kimoja kishike mwendo, kingine kijibu, kingine kiamuru mabadiliko. Mbishi anayetaka kupima kwa haki angeuliza ni kipi kati ya hivyo mtu wake anakifanya vizuri. Keith Moon aliamuru kwa fujo ya ajabu lakini kushika mwendo hakukuwa shughuli yake aipendayo. Mara nyingi gitaa la mwenzake Pete Townshend ndilo lililoishikilia bendi. Ringo Starr wa Beatles aliushika mwendo hadi mtu akasahau kwamba yupo.

Kisha kuna Ginger Baker, ambaye jina lake haliwezi kukosekana panapotajwa Afrika. Alizaliwa kusini mwa London mwaka 1939. Akiwa kijana, mpiga dramu wa jazi Phil Seamen alimsikilizisha rekodi za ngoma za Kiafrika, na tangu hapo hakuwa yule yule. Akiwa na Cream, kati ya mwaka 1966 na 1968, aliweka ngoma kubwa mbili mbele yake na kupiga solo ambazo jukwaani zilipita robo saa. Mwaka 1971 alivuka jangwa la Sahara kwa gari hadi Lagos, akapiga na Fela na baadaye akafungua studio huko. Baker alikuwa mkali wa maneno pia, na wengi wa wenzake wa roki hakuwahesabu kuwa wapiga dramu kamwe.

Mmoja ambaye Baker alimheshimu ni Tony Allen, na bahati nzuri ulinganisho wao haukuachwa kwa wabishi. Mwaka 1978, katika tamasha la jazi la Berlin, waliketi kila mmoja kwenye seti yake na kupiga pamoja kwa dakika kama 16. Rekodi hiyo ipo. Iliongezwa baadaye kwenye toleo jipya la albamu ya mwaka 1971 aliyoipiga Baker na Fela. Baker anafahamika kwa ngoma nzito za tomu na ngoma zake mbili za miguu, anapiga sentensi ndefu zenye nukta kubwa. Allen anagawanya. Hai-hati inasema nusu, snea inaongeza robo kwa sauti ya chini, mguu unamalizia mahali usipopategemea, na hakuna kiungo kinachosema jambo zima. Ni kundi la ngoma ndani ya mtu mmoja. Mwandishi huyu humweka Allen mbele, na si kwa undugu wa bara: Baker alijifunza kuongea kama ngoma kubwa, Allen alijifunza kuongea kama watu wanne wanaopishana.

Copeland anastahili nafasi yake katika kumi bora kwa sababu ambayo mashabiki wake hawaitaji sana. Alikulia Cairo na Beirut, akaichukua reggae, ambamo pigo la kwanza huachwa tupu na ngoma ya mguu huangukia la tatu, akaipeleka kwenye roki ya mwendo mkali. Mwaka 1985 alitoa filamu na albamu ya The Rhythmatist, aliyoitengeneza akizunguka Afrika, Kenya ikiwemo, akisaidiana na mwanamuziki wa Kongo Ray Lema. Filamu yenyewe ina vituko vya Mzungu porini vinavyochosha. Muziki wake una maarifa zaidi ya hapo: mara kadhaa seti inajiondoa ili ngoma za wenyeji zipite.

Na kama kigezo ni kukaa mahali pako, orodha yoyote inayotungwa mpakani ingepaswa kumfikiria Enos Okola. Huyu hakuwa na seti. Katika kundi la Abana ba Nasery la Bunyore, magharibi mwa Kenya, Shem Tube na Justo Osala walipiga magitaa, na Okola alipiga chupa ya Fanta. Chupa zile za zamani zilikuwa na mistari ya mbavu ubavuni. Kipande cha chuma kikipitishwa juu yake hukwaruza, kikigonga hulia. Sauti mbili tu, kukwaruza na kugonga, zikawa hai-hati na snea ya mtindo mzima wa gitaa uitwao omutibo. Sikiliza rekodi zao za miaka ya 1960 na 1970: gitaa likikimbia kidogo, chupa hailifuati. Jarida la Rolling Stone halikumwona, nalo halikuwa na namna ya kumwona, kwa kuwa liliuliza nani anafanya mengi.

Vijana wa Kampala wanalijaribu suala hilo la kukaa mahali pako kwa njia nyingine. Kundi la Nihiloxica, lililoanza mwaka 2017, limemweka mpiga dramu Mwingereza, Jacob Maskell-Key, katikati ya wapigaji wa engalabi, namunjoloba na empuunyi. Katika albamu yao Kaloli ya mwaka 2020 seti haiongozi muda wote. Mara nyingi yeye ndiye amashakwe wa kundi hilo, na kazi ya kuamuru iko kwa Waganda.

Kuna kipimo kimoja zaidi ambacho wabishi wa roki hukipenda: ondoa mpiga dramu, uone kinachobaki. Bonham alipofariki Septemba 1980, wenzake walitangaza Desemba ya mwaka huo huo kwamba Led Zeppelin imekwisha. The Who walimweka Kenney Jones mahali pa Moon na hawakusikika tena kama awali. Inasimuliwa kwamba Allen alipomwacha Fela mwaka 1979, bendi ilihitaji wapiga dramu kadhaa kuziba nafasi yake. Kwa kipimo hicho Bonham na Allen wanashinda bila mjadala. Lakini ni kipimo cha muziki uliomrundikia mtu mmoja kila kitu. Kule Burundi aliyeko kwenye inkiranya hucheza, hupiga, kisha huweka fimbo begani na kurudi kwenye nusu duara, mwingine akaingia katikati kabla pigo linalofuata halijapotea.