Vioo Viwili kwa Kompyuta Moja

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Likizo iliyopita nilipata kazi ya kufunga kioo cha pili katika kompyuta ya nyumbani kwetu. Tangu niliporudi shuleni wenzangu kadhaa wameniuliza habari zake, hata mwalimu mmoja naye ameniuliza. Kwa hiyo nimeona afadhali niyaeleze hapa mara moja, wasome wote, na wazazi pia, maana wao ndio watoao fedha. Nisemapo kioo nina maana ya kile ambacho wengine hukiita monita au skrini.

Kwanza nitaje sababu iliyotufanya tukitafute. Mama yangu hutunza hesabu za chama kimoja cha akiba na mikopo. Karani hupiga picha kurasa za vitabu vya wanachama kwa simu na kumpelekea, naye jioni hukaa nyumbani akiziingiza tarakimu zile katika jedwali la kompyuta. Kioo kilikuwa kimoja, tena kidogo. Basi hufungua picha, akasoma mstari mmoja, akaifunga; hufungua jedwali, akaandika alichokikumbuka, kisha hurudi kwenye picha kutafuta mahali alipoachia. Mwezi wa tatu aliiandika akiba ya mwanachama mmoja, Shs. 450,000/=, katika mstari wa mtu mwingine. Mwenye fedha alipoomba mkopo aliambiwa akiba yake haitoshi. Mama alinisimulia kwamba mtu yule alikuja nyumbani jioni, wala hakupiga kelele. Alikaa kitini akaweka risiti yake juu ya meza, akanyamaza. Mama alikesha siku tatu kulitafuta kosa mpaka akaliona.

Niliposikia habari hiyo nikasema kwamba yafaa picha ikae upande mmoja na jedwali upande wa pili, macho yahame badala ya mkono kufungua na kufunga. Mama alikubali. Tukanunua mjini kioo kilichokwisha kutumika, cha inchi 22, kwa Shs. 110,000/=.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, nami nalisimulia ili mwingine asipoteze fedha kama mimi. Nilitazama nyuma ya kompyuta nikaona tundu moja la VGA, nalo limekwisha kushikwa na waya wa kioo cha zamani. Nikafikiri kwamba dawa ni kuligawa tundu hilo mara mbili. Nikanunua kidude kiitwacho splita, Shs. 18,000/=, nikachomeka nyaya zote mbili, nikawasha. Vioo vyote viwili vikawaka vizuri sana, ila vilionyesha kitu kile kile. Nikifungua picha, inaonekana kushoto na kulia. Nikifungua jedwali, ni hivyo hivyo. Tulikuwa na pacha wawili wasemao neno moja kwa pamoja. Mwenye duka, nilipomrudia, aliniambia kompyuta yetu ni nzee, tununue nyingine. Mama alinitazama tu.

Kwa nini splita haiwezi kazi hiyo? Kioo hakina picha yake. Hupokea nukta za rangi kutoka kwenye kompyuta. Kioo chenye upana wa nukta 1,920 na kimo cha nukta 1,080 kina nukta 2,073,600, nazo kwa kawaida hupelekwa upya mara 60 katika kila sekunde. Hizo ni nukta 124,416,000 kwa sekunde moja, zikipita katika waya mmoja kwa zamu. Splita huchukua mto huo mmoja na kuunyweshea wawili. Haiwezi kutunga mto wa pili ambao kompyuta haikuutoa. Hapana budi kila kioo kiwe na njia yake kutoka ndani ya kompyuta.

Basi nikaligeuza sanduku la kompyuta na kulipangusa vumbi nyuma, kazi ambayo ingefaa niifanye kabla ya kwenda dukani. Chini ya tundu la VGA palikuwa na matundu mawili mengine ambayo hayajatumiwa hata siku moja. Yalifanana na ya HDMI, na nusura nisukume waya wa HDMI kwa nguvu, lakini kona moja tu ya kila tundu ilikuwa imekatwa. Hilo ni tundu la DisplayPort, na kompyuta nyingi zilizotoka maofisini zinalo.

Matundu haya yana umri wake. VGA ilikuja na kompyuta za IBM mwaka 1987. Ina vijiti 15, na picha yake hupita kama mawimbi ya umeme, ndiyo sababu herufi huweza kuwa na ukungu kidogo waya ukiwa mrefu au mbaya. HDMI ilitangazwa mwaka 2002, na DisplayPort mwaka 2006. Hizi mbili hupeleka tarakimu, na herufi hutoka safi. Kioo tulichonunua kilikuwa na HDMI. Nikatafuta adapta ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI. Hapa pana mtego: adapta hiyo ina upande wa kutokea na upande wa kuingilia. Matundu mengi ya DisplayPort ya kompyuta yaweza yenyewe kusema lugha ya HDMI, kwa hiyo adapta ya bei nafuu yatosha. Lakini kutoka HDMI ya kompyuta kwenda DisplayPort ya kioo, adapta ya namna hiyo haifanyi kazi. Yahitajiwa ya kufasiri, ambayo ni ghali zaidi. Dukani mwambie muuzaji wazi lipi ni tundu la kompyuta na lipi la kioo.

Nilipochomeka, kioo kikawaka, na safari hii kompyuta ilijua kwamba ina vioo viwili. Katika Windows ukibonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi P, huletewa mambo manne: kutumia kioo cha kwanza peke yake, kunakili, kupanua, na kutumia kioo cha pili peke yake. Utakalo ni la tatu, yaani kupanua. Ukichagua kunakili utapata tena pacha wale wale. Jambo hili si geni: Windows ya mwaka 1998 iliruhusu vioo hata tisa, na Macintosh II ya mwaka 1987 iliweza zaidi ya kimoja.

Nilidhani kazi imekwisha. Baada ya dakika chache mama akaniita, “Baba, mshale umetoka nje ya nyumba.” Kioo kipya kilikuwa mkono wa kulia, naye alisukuma kipanya kulia, lakini mshale uligota ukingoni, ili kufika kioo cha kulia ilimpasa ausukume kushoto! Kompyuta haina macho ya kuona jinsi ulivyopanga meza yako. Bonyeza kwa kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu penye kioo, uingie katika mipango ya kioo. Utaona visanduku viwili vyenye namba 1 na 2. Ukitaka kujua kipi ni kipi, bonyeza kitufe cha kutambua, na namba zitatokea kubwa juu ya vioo vyenyewe. Kisha vuta visanduku kwa kipanya mpaka vikae kama vioo vikaavyo mezani, uthibitishe. Hapo hapo chagua kioo kikuu, yaani kile kitakachofungua programu kwanza.

Bado mshale uligota pembeni, chini kabisa tu. Kioo chetu cha zamani kina kimo cha nukta 1,024 na kipya 1,080. Tofauti ni nukta 56. Nilikuwa nimevilinganisha juu, kwa hiyo kipande cha chini cha kioo kipya hakikuwa na jirani, na mshale ukifika hapo hukuta ukuta. Nikavilinganisha chini, maana huko ndiko mama apitishapo mshale zaidi. Vitu vidogo namna hii havitajwi dukani, lakini ndivyo vimuudhivyo mtumiaji kila siku.

Wenye kompyuta za mapajani wana kazi nyepesi zaidi, kwa kuwa kioo chake chenyewe ni cha kwanza, na tundu la HDMI likiwapo latosha kwa cha pili. Wenye tundu la USB-C wawe waangalifu: mengine hupitisha picha, na mengine ni ya chaji na mafaili tu, ingawa kwa sura ni mamoja. Yatazame maelezo ya kompyuta kabla ya kununua waya. Kwa wenye kompyuta ya mezani iliyotiwa kadi ya picha ya pekee, chomeka nyaya zote katika kadi hiyo. Mara nyingi matundu ya ubao wenyewe huwa yamezimwa. Wala usihesabu matundu ukadhani ndiyo idadi ya vioo: kompyuta nyingi zitumiazo picha za prosesa za Intel za kabla ya mwaka 2012 huweza viwili tu kwa wakati mmoja, hata zikiwa na matundu matatu. Televisheni nayo hufaa, ila baadhi hukata kingo za picha, na hilo hurekebishwa katika mipango ya televisheni yenyewe.

Baba aliuliza habari za umeme. Kibao cha nyuma ya kioo kile kinaonyesha wati 25, basi uniti moja ya LUKU yatosha kukiwasha saa 40. Alipiga hesabu mwenyewe kwenye karatasi, akaridhika.

Sasa mama huweka picha za vitabu kulia, jedwali liko mbele yake, na kidole chake cha kushoto hukaa juu ya mstari ausomao. Splita yangu iko bado kabatini. Mama hataki itupwe. Asema ni kumbukumbu ya Shs. 18,000/=.

Nikarudi shuleni na macho mapya. Katika chumba chetu cha kompyuta vimo vioo vinne vilivyosukumwa pembeni kwa sababu sanduku zake zimekufa, lakini vyenyewe ni vizima. Mwalimu alituruhusu kutazama nyuma ya sanduku zifanyazo kazi, na tatu kati yake zina tundu lile lenye kona iliyokatwa, lingali na kifuniko chake cha plastiki. Tumemwandikia barua Mkuu wa Shule kuomba adapta tatu.