Mpole Kazini, Mkali Nyumbani

Bila shaka umewahi kumwona mtu asiyejibu neno mbele ya mkubwa wake wa kazi, lakini afikapo nyumbani watoto hukimbia. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Kabla ya kuwa karani wa parokia nilifundisha shule. Mwalimu mkuu alinipa daftari la fedha, kisha ufunguo wa stoo, kisha ratiba ya masomo, na kwa kila moja nilijibu, "Ndiyo, mzee." Usiku nilikesha. Kichwa kiliuma, chakula hakikupita. Siku moja nikamkuta mwanangu wa miaka minne nyuma ya mlango; alijificha aliposikia kengele ya baiskeli yangu. Haya iliyonishika siku ile sitaisahau.

Mwalimu mwenzangu, mtu mzima, akanishauri: "Usiende jioni, wakati nyote wawili mmechoka. Usiende na mambo kumi. Wala usiseme unaonewa. Eleza kazi ilivyo." Basi nikaenda asubuhi. "Shikamoo, mzee. Nina vipindi 30 kwa juma. Nikishika stoo na fedha pamoja, madaftari ya watoto hayasahihishwi. Naomba kazi moja apewe mwingine." Sauti ilitetemeka, nakiri. Alikunja uso, akanyamaza kitambo, kisha akachukua ufunguo wa stoo. Fedha akaniachia! Hata hivyo usiku ule nililala.

Msidhani taabu hii ni ya walimu na makarani tu. Mnao wana madukani na katika mashamba ya chai, na mabinti wanaotumika katika nyumba za watu mjini. Wafundisheni kusema mapema, kwa adabu, kabla hasira haijaiva. Nao wakija likizo, waulizeni kwanza habari za kazi, ndipo habari za fedha.

Tena waijue haki yao. Kwa sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004, saa za kawaida za kazi hazipiti 45 kwa juma, na saa za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Aliyesema kwa mkubwa wake asisikilizwe, iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Lakini aliyeachishwa kazi bila haki asikawie kwa kuona haya, maana lalamiko lake lapaswa kufika huko katika siku 30.