Kucha za Miguu Zinapogeuka Rangi



Siku ya kupima watoto kilo, tunatazama mtoto, tunatazama kadi yake, tunauliza kama maziwa ya mama yanatosha. Miguu ya mama hatuitazami. Na mama mwenyewe anaificha chini ya kikwembe kwa sababu ya haya. Leo tuongee juu ya ile miguu.

Mama mmoja mtu mzima alikuwa anamsindikiza binti yake kliniki. Kucha ya kidole chake kikubwa ilikuwa nyeusi. Jirani alimwambia: «Umekanyaga dawa mu njia, wamekutegea.» Akatafuta maji ya batri, akayamwanga juu ya kidole. Tulipomuuliza kama yalimuunguza, alijibu: «Hapana, sikusikia kitu.» Wamama, jibu lile ndilo lilitutia woga. Mguu usiosikia moto wa maji ya batri ni mguu mgonjwa. Tulipopima damu yake, tukakuta sukari nyingi sana. Kidole kilikuwa kimeoza, madaktari wakakikata. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepita mbele yake mara mbili pale kwenye benchi, sikuangalia chini. Ndiyo maana naandika.

RANGI INATUAMBIA NINI?

Kucha haigeuki rangi bila sababu. Mara nyingi si uchawi, wala si sumu. Tazama vizuri:

Njano, nyeupe au kahawia, nene, inayovunjika-vunjika kama unga. Mara nyingi huu ni ukungu, ndugu ya ule unaoota juu ya mihogo iliyolowa. Unapenda giza na maji. Kwanza unakaa katikati ya vidole, ngozi inawasha na kubanduka. Halafu unaingia chini ya kucha. Mama anayeshinda katika matope ya shamba la mpunga, au anayevaa boti za plastiki tangu asubuhi hadi jioni, anaupata kwa urahisi.

Njano tu, lakini kucha ni laini na ngumu kama kawaida. Pengine ni verni. Acha kupaka, kucha safi itaota.

Nyeusi au zambarau baada ya kuumia. Jiwe limeanguka, chukudu imekanyaga kidole, kiatu kimebana. Hiyo ni damu iliyokauka chini ya kucha. Itasogea mbele polepole pamoja na kucha, na nyuma yake itaota kucha safi.

Mstari mweusi. Sisi watu weusi wengi wetu tuna mistari kama hiyo katika kucha nyingi, na si ugonjwa. Lakini mstari mmoja katika kidole kimoja, unaozidi kupanuka, au weusi unaotoka kwenye kucha na kuingia katika ngozi, huo uonyeshe kwa daktari. Unaweza kuwa kansa. Ikikamatwa mapema, inaweza kupona.

Kijani. Mikrobe imeingia chini ya kucha iliyobanduka na kukaa katika maji.

Nyeupe sana kwa mtoto, na viganja vyake pia ni vyeupe. Huenda damu ni kidogo, kwa sababu ya malaria, minyoo au chakula kisichotosha. Mpeleke apimwe. Kucha na midomo ikiwa ya bluu na mtoto anapumua kwa shida, usingoje hata saa moja.

KUCHA INAOTA POLEPOLE

Wamama wengi wanauliza: «Nimepaka dawa juma mbili, mbona haiponi?» Kucha ya mkono inachukua miezi karibu 6 kuota yote. Ya kidole kikubwa cha mguu inachukua mwaka 1, hata mwaka 1 na nusu. Sehemu iliyoharibika hairudi kuwa nzuri. Inasukumwa mbele na kukatwa. Basi, tazama chini kabisa, pale kucha inapotoka. Kama pale ni safi, unapona.

Kwa ukungu wa kucha kuna vidonge vya nguvu. Vingine vinamezwa kila siku kwa miezi 3. Vinaweza kuumiza ini, na mama mwenye mimba au anayenyonyesha hapaswi kuvimeza bila munganga kukubali. Usivinunue mwenyewe katika famasi. Ukungu wa kucha hauui. Mimba yako ni ya maana kuliko kucha.

NAMNA YA KUTUNZA MIGUU

1. Osha miguu kila jioni kwa maji na sabuni. Wakati wa Ebola, mwaka 2018 hadi 2020, sisi wa Beni tulizoea kunawa mikono mbele ya kila mlango. Miguu nayo inataka sabuni.

2. Kausha katikati ya vidole kwa kitambaa. Hapa ndipo wengi wanasahau, na hapa ndipo ukungu unaanza.

3. Anika boti na viatu juani. Kama vimelowa, usivivae.

4. Kila mtu na sapatu zake. Najua nyumba nyingi zimepokea wakimbizi, na watu kumi wanagawana sapatu mbili za kuogea. Hapo basi, zioshwe kwa sabuni na zikaushwe kabla mwingine hajavaa.

5. Kata kucha sawasawa, usichimbe pembeni. Wembe mmoja usitumike kwa watu wawili.

6. Wale vijana wanaopita mitaani wakigonga chupa za verni, wanatumia makasi yale yale kwa mguu wako na kwa mguu wa jirani. Ukungu unapita hapo, hata ugonjwa wa ini unaweza kupita pamoja na damu. Wape makasi yako mwenyewe.

7. Ukitoa funza, osha kidole kwanza, tumia sindano iliyochemshwa, halafu paka dawa ya kidonda. Na usikose chanjo ya tetanosi.

USIFANYE HIVI

Usimwange maji ya batri, petroli wala javeli juu ya kidole. Usibandue kucha kwa nguvu. Usipake verni juu ya kucha mgonjwa ili kuficha.

UENDE HOPITALI UPESI

- kidole kikivimba, kikitoa usaha au harufu mbaya;
- weusi ukizidi kupanuka, na hukumbuki kuumia;
- kama una ugonjwa wa sukari, hata kidonda kidogo;
- kama unakojoa sana, una kiu sana na unakonda;
- kama mguu hausikii maumivu.

Hili la mwisho lina sababu nyingine pia. Wazee wetu wanakumbuka wagonjwa wa ukoma waliotunzwa Oicha na daktari Becker. Ukoma nao unaanza kwa ngozi isiyosikia. Leo unapona kwa vidonge, na vidonge vinatolewa bure, lakini vidole vilivyokwisha kupotea havirudi.

Mama, jioni hii, watoto wakisha kulala, sogeza taa karibu na utazame miguu yako. Gusa kila kidole kwa manyoya ya kuku au kwa pamba: unasikia? Kisha mtazame na bibi yao, kwa maana macho yake hayaoni tena mbali na mgongo hauinami.

Na siku ya kliniki, usifiche miguu chini ya kikwembe. Tuonyeshe. Sisi ndio tunapaswa kuona haya, kama hatukuuliza.