Somo la Redio kwa Watu Wazima: Kuchagua Toroli Litakalodumu

Wekeni daftari na kalamu mbele yenu, maana leo kuna hesabu kidogo. Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno haya: toroli, gurudumu, karai, ekseli, mishikio, kutu.

Leo tutazungumza juu ya kununua toroli la bustani. Huko Kenya wengi huliita wilibaro. Ni chombo chenye gurudumu moja mbele, mishikio miwili nyuma na miguu miwili ya kusimamia. Mwenye bustani hulitumia kuchukulia samadi, udongo, mchanga, madumu ya maji na mboga alizovuna.

Labda utauliza, "Je, toroli nalo lahitaji kusomewa?" Naam, lahitaji. Mkulima mdogo hununua toroli kwa fedha ya mavuno. Likivunjika kabla ya mavuno mengine, fedha imepotea, na mzigo unarudi kichwani kwa mama na mgongoni kwa baba. Basi yafaa kujua la kutazama kabla ya kulipa.

KWANZA: TOROLI HUFANYAJE KAZI?

Toroli ni wenzo. Gurudumu ndilo egemeo, mzigo uko katikati, na mikono yako iko mwisho. Tupige hesabu.

Tuseme una mzigo wa kilo 60. Kati ya mzigo iko sentimita 40 nyuma ya ekseli, yaani kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu. Mikono yako iko sentimita 120 nyuma ya ekseli hiyo. Zidisha 60 kwa 40, upate 2,400. Gawanya kwa 120. Jibu ni 20. Mikono yako huinua kilo 20 tu. Kilo 40 zilizobaki hubebwa na gurudumu.

Sasa sogeza mzigo ule ule nyuma, uwe sentimita 60 kutoka ekseli. Zidisha 60 kwa 60, kisha gawanya kwa 120. Jibu ni 30. Mzigo haukuongezeka, lakini mikono yako imeongezewa kilo 10.

Wachina walilifahamu jambo hili zamani sana. Walikuwa na toroli zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, na mengi yao yaliwekewa gurudumu kubwa katikati, mzigo ukakaa juu yake. Basi wewe chagua toroli ambalo karai lake limeegemea mbele, karibu na gurudumu. Na kila upakiapo, weka vizito mbele.

PILI: KARAI

Karai ni chombo cha juu kinachopokea mzigo. Yako ya bati na yako ya plastiki.

Unene wa bati hutajwa kwa geji. Hapa wengi hukosea. Namba ya geji ikiwa ndogo, bati ni nene. Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 16 ni kama milimita moja na nusu. Geji 20 haifiki milimita moja. Muuza duka akikuambia, "Hili ni geji 20, ni kubwa kuliko 16," usikubali.

Tazama ukingo wa karai. Ukingo mzuri umekunjwa na kuviringishwa, hauna makali. Ukingo uliokatwa tu hujikunja upesi, tena hukata vidole. Tazama pembe pia. Karai lililotengenezwa kwa bati moja bila kiungo hudumu kuliko lililoungwa pembeni, kwa sababu maji hukaa katika viungo na kutu huanzia hapo.

Karai la plastiki ni jepesi, wala halipati kutu. Lafaa kwa samadi na mbolea za chumvichumvi, ambazo hula bati. Lakini jua kali la miaka hukausha plastiki hata ikapasuka. Wala usitie majivu yenye moto ndani yake.

Na ukubwa? Usipende kubwa kwa kuwa ni kubwa. Karai la lita 60 likijazwa maji huwa na kilo 60. Likijazwa mchanga uliolowa huweza kupita kilo 100. Je, wataweza kulisukuma wote watakaolitumia nyumbani?

TATU: KIUNZI NA MIGUU

Kiunzi ni yale mabomba ya chuma yanayoshika karai na gurudumu. Bora ni bomba moja lisilokatika tangu gurudumu hata mishikio. Pale palipoungwa ndipo patakapovunjika kwanza.

Inama, utazame chini ya karai. Je, kuna vyuma vya kulishikilia pande zote, au limefungwa kwa skrubu nne tu katika bati tupu? Tazama miguu. Miguu iliyounganishwa kwa chuma cha kukingama haipanuki chini ya mzigo. Miguu yenye ncha nyembamba huzama katika udongo laini, na toroli hupinduka.

NNE: GURUDUMU

Gurudumu la upepo ni laini. Hupita juu ya mawe na matuta bila kukutikisa sana. Ubaya wake ni miiba. Ikiwa njia yako ina migunga, utatoboa tyubu mara kwa mara. Lakini fundi wa baiskeli aweza kutia kiraka.

Gurudumu la mpira mtupu, lisilo na upepo, halitoboki. Lakini ni zito kulisukuma katika mchanga, na hutikisa mkono penye mawe. Gurudumu jembamba la chuma huzama katika udongo uliolimwa. Katika udongo laini, upana ndio nguvu.

Basi fikiri njia yako ya kila siku. Ikiwa kuna mawe na mafundi wako karibu, chukua la upepo. Ikiwa kuna miiba na fundi yuko mbali, chukua la mpira mtupu.

TANO: MAJARIBIO DUKANI

Usione haya kujaribu. Fedha ni yako. Fanya haya matano:

1. Bonyeza katikati ya karai kwa kidole gumba. Likibonyea na kulia kama mkebe, liache.
2. Inua toroli, uzungushe gurudumu. Likiyumba huku na huku, au likikwaruza, liache.
3. Shika mishikio, uipinde mmoja juu na mmoja chini. Kiunzi kisijinyonge.
4. Omba mfuko wa saruji utiwe ndani. Inua, utembee hatua kumi. Miguu ya toroli isikugonge miguuni, wala usitembee umeinama.
5. Uliza kama gurudumu, tyubu na nati zake hupatikana peke yake. Toroli lisilo na vipuri ni la kutupwa siku likiharibika.

SITA: BEI

Tuchukue bei za mfano tu. Toroli moja ni shilingi 60,000, nalo ladumu mwaka mmoja. La pili ni shilingi 110,000, nalo ladumu miaka 5. Gawanya 110,000 kwa 5, upate 22,000 kwa mwaka. Lipi ni rahisi? Lile lenye bei kubwa.

Lakini si kila mtu ana shilingi 110,000 mkononi. Nyumba mbili zinazopatana zaweza kununua toroli moja imara, kila moja ikatoa 55,000. Hapo kila nyumba imelipa chini ya bei ya lile bovu. Pataneni mapema na kuandika: nani atalilaza, na nani atatengeneza likiharibika.

SABA: UTUNZAJI

Toroli jema likiachwa mvuani na samadi ndani, litakufa upesi kama bovu. Baada ya kazi lisafishe kwa maji, kisha lisimamishe likilalia pua yake, maji yatoke. Lilaze kivulini. Kila mwezi kaza nati, tia grisi kwenye ekseli, na jaza upepo. Ukiona kutu, ikwangue na upake rangi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MASWALI YA DARASA

1. Kati ya geji 16 na geji 20, bati lipi ni nene?
2. Mzigo ni kilo 90, uko sentimita 40 nyuma ya ekseli. Mikono iko sentimita 120. Mikono itainua kilo ngapi?
3. Njia ya kwenda bustanini kwako ikoje? Andika sentensi tatu, kisha useme gurudumu gani lakufaa.

Jibu la swali la pili ni kilo 30, lakini andikeni hesabu yote, si jibu tu. Kisha nendeni mkatazame toroli la jirani, kwa ruhusa yake, mkahesabu nati zilizolegea. Mkikuta moja, mkazieni. Hiyo ndiyo shukrani yake.

Kwaherini, hadi somo lijalo.