Furu, Chotara wa Nile na Kongo

Mvua inayonyesha kwenye vilima vya Ngara, kwa sehemu kubwa, huelekea Misri. Huteremka hadi mto Ruvubu, ambao hukutana na Nyabarongo jirani na maporomoko ya Rusumo na kuwa Kagera, mto unaoingia Ziwa Victoria, na kutoka ziwani maji hufuata Nile. Lakini ukitoka Mugoma ukashika njia ya kusini kuelekea Kibondo, maji hugeuka: vijito vya huko hutafuta Malagarasi, kisha Ziwa Tanganyika, na safari huishia mto Kongo. Juu ya ardhi hakuna kinachoonyesha mpaka huo. Ni migomba na maharage vilevile.

Samaki wa pande hizi mbili hawana pa kukutana. Zamani walipapata, na ushahidi ni samaki wadogo waitwao furu.

Ziwa Victoria lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu: wakwangua mwani, wavunja konokono, hata wala watoto wa wenzao. Ajabu ni kwamba ziwa lenyewe lilikauka, likajaa upya miaka kama 15,000 tu iliyopita. Aina zote hizo zilipata wapi muda?

Mwaka 2017 wanabiolojia Joana Meier, Ole Seehausen na wenzao walichapisha jibu lililosomwa kwenye vinasaba: furu ni chotara, na aina mpya zilitokana na kupanga upya tofauti zilizokwisha kuwepo. Koo mbili, ya Nile ya juu na ya Kongo, zilizaliana yapata miaka 150,000 iliyopita, wakati wa mvua nyingi. Njia inayodhaniwa ni vijito vya juu vya Malagarasi. Mito huporana vijito pale mmomonyoko unapokula ukingo ulioitenganisha.

Urithi mmoja uko jichoni. Jeni ya kuona wekundu ilikuja kwa namna mbili, kila ukoo na yake. Kwenye miamba ya Ghuba ya Mwanza, *Pundamilia pundamilia*, ambaye dume lake ni la buluu, hukaa juu. Chini zaidi, kwenye mwanga mwekundu, yuko *Pundamilia nyererei*, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, dume lake jekundu.

Mwamuzi wa aina hizi kubaki mbali ni jike. Hutaga, hugeuka upesi na kuyadaka mayai mdomoni. Dume hutandaza pezi la chini lenye vitone vya manjano vinavyofanana na mayai. Jike akijaribu kuvidaka navyo, hupokea mbegu. Akikosea rangi ya dume, amezaa chotara.

Sangara, samaki aliyeletwa ziwani miaka ya 1950, alimaliza furu wengi. Tope nalo lina sehemu yake: mwaka 1997 Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yakichafuka, majike hushindwa kutofautisha rangi na aina huanza kuchanganyika upya. Na Kagera, mkubwa kuliko mito yote inayoingia ziwani, hushuka na udongo wa vilima vya Ngara.